Tunavyohukumu Muvi Saluni

Nikitaka kujua kama muvi ni nzuri, simwulizi mteja. Namshika kichwa. Sisi wasusi tunashinda vidole vikiwa kwenye ngozi ya kichwa cha mtu saa tano, saa sita, na ukishakaa kwenye kazi hii vidole hujua mambo kabla mwenye kichwa hajayajua. Muvi ikimchosha, kichwa kinalegea, kinaanza kulala upande, nami nakirudisha kwa kiganja kila mara. Ikimshika, shingo inakaza, anapumua juu juu, na anaacha kulalamika kwamba navuta. Hiyo ya kuacha kulalamika ndiyo alama kubwa. Nywele za kando ya masikio zinauma, hakuna asiyejua. Mtu ambaye nasuka hapo na hasemi "pole pole, mami" hayuko kwenye kiti changu tena.

Saluni iko Nakuru, upande wa Kaptembwa, chumba kimoja chenye viti vitatu vinavyotazama kioo, draya moja, na benchi la wanaosubiri. TV iko ukutani, nyuma ya viti. Hatukuiweka huko kwa akili yoyote. Soketi ilikuwa upande huo na mwenye nyumba hataki ukuta mwingine utobolewe. Basi aliye kwenye kiti na anayemsuka wote wanaitazama ndani ya kioo, kila kitu kikiwa kimegeuka. Saa ya ukutani ndani ya muvi inarudi nyuma. Anayekula kwa mkono wa kulia anaonekana akila kwa kushoto. Magari ya Korea, ambayo huko kwao hupita upande wa kulia wa barabara, kwetu yanapita kushoto kama matatu za kwenda Kapte, na kuna mteja aliyeniapia kwamba Wakorea wanaendesha kama sisi.

Picha zikigeuka si neno, macho yanazoea. Taabu ni maandishi ya chini. Tamthilia ya Kikorea au ya Kituruki bila maandishi ni watu wazuri wanaolia tu. Kwenye kioo maandishi hayasomeki, kwa hiyo anayekaa benchi ndiye anayesoma kwa sauti, na kwa kuwa Kiingereza cha haraka haraka hakimfikii kila mtu, anasoma kwa Kiswahili. Hakuna aliyeteuliwa. Ukifika ukakuta watu watatu mbele yako, unapewa chai na unapewa kazi.

Wasomaji wetu wakubwa ni watatu, na ndio marafiki ninaowazungumzia hapa. Kuna Sista, muuguzi, ambaye huja akitoka zamu ya usiku macho yamevimba na bado anataka kuona kipande kilichobaki. Kuna Ticha, wa shule ya msingi. Na kuna Mathe, muuza mitumba wa magauni, ambaye nywele zake ni fupi na mara nyingi haji kusukwa. Huja kwa sababu soko limelala. Kadogo, msaidizi wangu, huosha nywele na kutumbukiza ncha za braidi kwenye maji moto, na kwa muda mrefu hakuwa akitoa maoni yoyote. Mtamsikia baadaye.

Kila mmoja anasoma kivyake. Sista anasoma kama anayejaza faili la mgonjwa: "Anakataa. Anasema atarudi kesho." Basi. Ticha anasoma sentensi nzima na nukta zake, na wakati anamaliza, waigizaji wameshaoana. Mathe hasomi, anasimulia. Ukiwahi kumsikiliza DJ Afro akitafsiri muvi za mapigano na za Kihindi, unajua mwigizaji anaweza kufungua mdomo mara moja na sauti ikatoka na aya nzima, ikiwa na bei ya unga ndani yake. Mathe ni wa ukoo huo.

Mwaka wa 2021, Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya watoto kwa roho zao, ilipotoka mwezi Septemba, mji mzima uliizungumzia, na sisi tukaletewa kwenye flashi. Msimu wa kwanza ulikuwa vipande tisa tu, kwa hiyo mtu wa braidi ndefu angeweza kuona zaidi ya nusu kwa mkao mmoja. Kipande cha sita ndicho kilichotugawanya. Wachezaji wanaambiwa kila mtu atafute mwenzi. Kila mmoja anamchagua anayempenda au anayemwamini, akidhani watakuwa upande mmoja. Kumbe watacheza wao kwa wao, na atakayeshindwa anauawa. Mchezo wenyewe ni bano, zile gololi. Bano hizi hizi tulizolengeana kwenye vumbi tukiwa watoto, na Mathe alipoziona alipiga makofi, akidhani sasa watu watapumzika kidogo.

Kuna mahali Sang-woo, mtu msomi mwenye madeni mpaka shingoni, anamlaghai Ali, kijana wa Pakistani aliyemwamini kama kaka. Anakichukua kifuko chake cha bano na kumwachia kifuko kilichojaa mawe. Ali anakifungua. Sauti ya Mathe ikasema: "Ndugu yangu, nilikuita ndugu, leo umeniuza kwa kokoto."

Ticha alikuwa kwenye kiti changu, nimefika kisogoni. Akasema, bila kugeuka, "Mathe, kuna mahali ameandika hivyo?"

"Hajaandika. Lakini ndivyo ilivyo."

"Soma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni jina la mtu na alama ya kuuliza. Nikikusomea hivyo utaelewa nini?"

Sista akacheka kutoka chini ya draya, akasema muvi hiyo inakamua watu machozi kama ndimu, na kwamba ukishaona mtu mwema sana ujue anakaribia kufa. Mathe hakucheka. Zamani alimdhamini rafiki yake mkopo kwenye chama, rafiki akahamia mji mwingine na kubadilisha namba, naye akabaki analipa kila wiki kutoka kwenye magauni. Hilo sote tulilijua, na hakuna aliyelitaja. Ticha aliendelea kudai usahihi wa tafsiri, lakini shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwasikiliza wasomaji kwa sikio jingine. Sista akifupisha sana, ujue muvi haijamgusa. Akianza kuongeza hata neno moja lisilokuwepo, ujue imempata. Mathe ni kinyume: akiipenda kweli, anasoma kilichoandikwa tu na kunyamaza, kwa sababu hana haja ya kuisaidia. Mimi sijaona maoni ya kuulizwa yakishinda haya. Ukimwuliza mtu akitoka, "Umeionaje?" atakwambia, "Iko tu sawa." Iko tu sawa ni jibu la mtu anayetafuta nauli kwenye mkoba.

Halafu kuna jicho la kazi. Mtu hawezi kuliacha mlangoni. Sista hawezi kuona hospitali kwenye tamthilia akanyamaza. Kosa linalomkera kuliko yote ni lile la mashine ya moyo: mstari unanyooka, inalia tiiii, daktari anarukia vile vyuma viwili na kumpiga mgonjwa umeme, mgonjwa anaruka, anafufuka. Alitueleza mara nyingi mpaka hata Kadogo anaweza kulifundisha. Umeme ule ni wa moyo unaotetemeka ovyo bila mpangilio. Unausimamisha ili uanze upya kwa utaratibu. Moyo ambao mstari wake umenyooka hauna cha kupangwa upya. Hapo unakandamiza kifua kwa mikono, unampa dawa, unaendelea kukandamiza. "Na kukandamiza kwenyewe si huko kubembeleza," anasema. "Ukikandamiza sawasawa, mbavu zinaweza kuvunjika." Baada ya hapo hakuna tena anayemlilia mgonjwa wa kwenye tamthilia. Kila mtu anatazama mikono ya daktari.

Ticha yeye shida yake ni wanafunzi wenye ndevu. Hilo halihitaji maelezo.

Jicho letu ni nywele, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu naamini waongozaji wengi wangeokoa pesa wakimwajiri msusi mmoja wa Nakuru akae kando ya kamera. Mwanamke ameteswa kijijini, hana chakula, mume amemfukuza, na kichwani ana braidi za juzi, mistari imenyooka, mafuta yanang'aa. Nani amemlipia? Nani amemkalisha saa sita? Mwingine anaamka asubuhi, hakufunga kitambaa usiku, na nywele za mbele zimelala kama zilivyopakwa jeli jana. Mwingine anaingia kwenye mlango na matuta manane, anatokea upande wa pili na matuta kumi. Kadogo huyahesabu. Siku zile alikuwa haongei, lakini nilimwona akihesabu kwa vidole ndani ya karai.

Ndiyo maana Black Panther ilipokelewa hapa kama harusi. Ilitoka Februari 2018, na kwa watu wa ukanda huu ilikuwa na uzito wake: Lupita Nyong'o ni binti wa gavana wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, na Kisumu ilifanyiwa onyesho lake rasmi. Wateja wangu wa kutoka huko walikuja wakijidai kana kwamba wamemzaa wao. Lakini kilichozungumzwa kwenye viti vyangu hakikuwa vita wala yale madini. Ilikuwa nywele. Kila kabila la Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye muvi, na nywele zake, hakuna aliyeficha kipilipili chake, na wale askari wanawake wenye vichwa vilivyonyolewa na kuchorwa. Halafu inafika pale Korea Kusini, kwenye ukumbi wa kamari, ambapo Okoye, mkuu wa askari hao, amelazimika kuvaa wigi ili asijulikane. Vita vinaanza, analivua wigi na kumrushia adui usoni, kisha anaendelea na mkuki. Saluni nzima ilipiga kelele. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua wigi alilirudisha kwenye rafu, akacheka sana, halafu akalinunua. Nikamwekea kwenye mfuko. Biashara ni biashara.

Sasa, jicho la kazi lina ubaya wake, na tulichelewa kuuona. Kuna kipindi tulikuwa tunahukumu kila kitu kwa makosa yake. Tamthilia inaanza tu, mmoja anashika drip, mwingine anashika wigi, mwingine anashika sare za shule, na mwisho wa siku hakuna anayejua nani alimwua nani. Watu wakitoka hawana hadithi, wana orodha ya makosa. Mathe ndiye aliyetukemea. Alisema tumekuwa kama wateja wake wanaogeuza gauni nje ndani kutafuta mshono uliofumuka, na hawalivai hata mara moja waone kama linawakaa. Tukapunguza. Sista bado humtazama daktari mikono, lakini sasa husema baadaye.

Jambo ambalo watu wa nje hawalielewi kuhusu saluni ni kwamba hakuna mteja anayeona tamthilia nzima. Braidi zinakaa wiki sita, wengine wanazivuta mpaka miezi miwili. Mtu anakuja, anaona kipande cha tatu mpaka cha saba, analipa, anaondoka. Akirudi, tuko msimu mwingine, mchumba amekufa na pacha wake amejitokeza. Kwa hiyo kila anayeketi huuliza, "Tuliachia wapi?" na kazi ya waliopo ni kumjaza.

Mimi nimejifunza kuhusu muvi zaidi kwenye huko kujazana kuliko kwenye kutazama. Kwa sababu mtu anayekusimulia vipande ulivyokosa hawezi kukusimulia vyote. Anachagua. Anaruka harusi nzima iliyogharimu mamilioni kutengenezwa na anakwambia jinsi mama mkwe alivyokisogeza kile kikombe cha chai. Kuna tamthilia tulizosifu sana siku ya kuziona, "imebamba, imebamba," na wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kumjaza mwenzake. Mapigano yalikuwepo, magari yalilipuka, lakini mfululizo wa mambo umepotea. Na kuna kipindi kidogo kisicho na fujo ambacho watu waliniambia kwa mdomo wao kwamba ni cha kulaza, na bado miezi baadaye wanakisimulia mpaka rangi ya pazia.

Supa Modo ilikuwa hivyo. Ni muvi ya hapa kwetu Kenya, ya 2018, aliyoiongoza Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana mdogo mgonjwa ambaye hatapona, anayependa mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji chake kinaamua kumtengenezea muvi ambayo yeye ndiye shujaa. Siku niliyoiweka, mteja kwenye kiti alikuwa mwanamke wa ofisini, mwenye haraka. Dakika za mwanzo akasema, "Hii ni ya watoto. Hamna kitu kingine?" Kadogo akaanza kutafuta rimoti. Rimoti ikakawia kupatikana, kama kawaida yake. Wakati inapatikana chini ya taulo, yule mwanamke alisema basi, acheni tu, nakaribia kumaliza. Hakuwa anakaribia kumaliza. Nusu ya kichwa ilikuwa bado. Mbele kidogo aliniita kwa sauti ya chini akaniambia, "Ukimaliza kichwa kabla haijaisha, usiniambie." Nikarudia mistari miwili ambayo haikuwa na makosa yoyote. Alipolipa nikamwuliza ameionaje. Akasema, "Ni ya watoto," akafuta macho kwa ncha ya braidi mpya, akaenda zake.

Kanuni yangu ya shingo niliitangaza kwa majivuno wakati mmoja, na Sista akaiangusha palepale. "Hata nikikuchoma sindano utakaza shingo," alisema. "Kwa hiyo sindano ni muvi nzuri?" Alikuwa na haki. Muvi za kutisha zinakaza shingo kuliko zote: giza, kimya, mlango unafunguka polepole, halafu paka anaruka na muziki unapiga kelele. Kila kichwa kinaruka, mstari wangu unapinda, nafumua naanza upya. Ni hila ya sauti tu. Zima sauti uone kama paka atamtisha mtu. Tulijaribu siku moja, tukazima, na yule jini wa kuogofya aligeuka kijana aliyepakwa unga anayetafuta choo.

Kwa hiyo tukakubaliana, Sista na mimi, ingawa yeye atasema ni wazo lake: shingo ikaze kwanza, halafu tungoje. Mtu akirudi baada ya wiki sita na anaweza kumsimulia mwenzake bila kuulizwa mara mbili, hapo ndipo tunaiita nzuri. Muvi za paka anayeruka hazivuki wiki. Sijui kama wahakiki wanaolipwa wana muda wa kungoja wiki sita. Sisi tunao, nywele ndizo zinazopanga ratiba.

Hukumu ya kusimulia ilitusaidia mahali ambapo sikutarajia. Kulikuwa na siku tunaweka vipande vya zamani vya Papa Shirandula, kile kichekesho cha marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020. Wengi mnakijua: mtu ni bawabu, mlinzi wa lango, lakini nyumbani anajifanya mtu wa ofisini, anatoka na suti na kubadilisha njiani, na lafudhi yake ni ya Kiluhya. Benchi lilikuwa linacheka. Kwenye kiti cha katikati kulikuwa na binti wa Kakamega anayefanya kazi benki, na yeye hakucheka. Nikahisi hata kabla hajaongea, kwa sababu nilikuwa nimemshika.

"Kazini kila Ijumaa kuna mtu lazima aniambie, hebu sema 'baba' kama kwenu," alisema. "Wanatoa wapi hayo? Si hapa?"

Mjini Nakuru jambo la lafudhi si la kuchezea. Tunaishi watu wa kila pembe kwenye ploti moja, na waliokuwa hapa Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, wanakumbuka wakati ambapo jinsi unavyotamka neno ilitosha kukutia matatani. Benchi likanyamaza. Mama mmoja wa Vihiga, mtu mzima, aliyekuwa anasubiri kuoshwa, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi simcheki kwa sababu ya ulimi wake. Kaka yangu alikuwa bawabu Nairobi miaka mingi. Akija nyumbani Desemba alikuwa na briefkesi. Tulimsindikiza hadi stendi na ile briefkesi, na ndani hamkuwa na kitu ila shati la kazi. Tulikuja kujua siku ya mazishi. Yule mtu nikimwona anabadilisha suti, namwona kaka yangu."

Walibishana kwa heshima, na sikuona aliyeshindwa. Ila Ticha alileta jaribio ambalo tunalitumia hadi leo. Alisema: simulia kichekesho hicho kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, bila lafudhi ya mtu yeyote, kama unavyosoma taarifa ya habari. Kikibaki kinachekesha, ni kichekesho. Kikifa, basi kilikuwa kinacheka watu. Tukajaribu papo hapo. Bawabu anayejificha nyuma ya ua kubadilisha suruali kabla mkewe hajapita: Sista aliisoma kwa sauti yake kavu ya wodini na benchi likaanguka. Binti wa benki naye akacheka, kidogo. Tukajaribu vichekesho vingine vya vipindi vingine, vya mfanyakazi wa nyumbani anayekosea maneno, na vikafa kimoja baada ya kingine mdomoni mwa Sista. Kipindi kimoja ambacho mimi binafsi nilikipenda sana hakikubakiwa na hata mzaha mmoja. Siku hizi nikikiona nabadilisha stesheni, si kwa hasira, ni kwamba nasikia Sista akikisoma.

Mambo mengine ni madogo. Aliyeona mbele hafungui mdomo. Akiufungua anasukwa mwisho. Mtoto akiletwa, tunaweka katuni au tunaweka muziki, na hakuna mjadala, hata kama imebaki dakika kumi muuaji ajulikane. Bodi ya kuainisha filamu huweka namba 18 kwenye muvi kwa sababu, na mtoto aliyeketi benchi anaiona TV moja kwa moja, hana kioo cha kumgeuzia mambo.

Na stima. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini stima haijaambiwa. Ilikuwa jioni ya mvua, watu wamejaa, tunafunga tamthilia ya Kituruki tuliyoitazama kwa miezi. Kipande cha mwisho. Mke amegundua kwamba mume aliyemlilia miaka yote yuko hai na anaishi mtaa wa pili na familia nyingine. Anapanda ngazi, anainua mkono kubisha, na pap, giza. Draya ikazima ikiwa na mtu ndani. Tukawasha tochi za simu ili nimalize kichwa kilichobaki.

Kila mtu akaanza kutoa mwisho wake. Mathe alitaka mke aingie na maji moto. Ticha alitaka mahakama. Sista, aliyekuwa amechoka, alitaka mume awe na ugonjwa wa kusahau, na wote tulimzomea, kwa sababu ndiye huwa wa kwanza kukataa hila hiyo. Kutoka kwenye karai la kuoshea, Kadogo akasema, "Habishi."

Tukamgeuzia tochi.

"Anashusha mkono. Anasikia mtoto ndani akimwita yule mwanaume baba. Anateremka ngazi. Kesho yake anaenda kwa fundi anabadilisha kufuli ya nyumba yake. Halafu anamtumia mume ufunguo wa zamani kwa posta."

Kimya. Mathe akasema, "Wa zamani? Ambao haufungui?"

"Ndiyo."

Mathe alikaa chini. Hajawahi kukubali kushindwa kusimulia, na hakukubali siku hiyo pia, lakini aliuliza ni kufuli ya aina gani.

Stima iliporudi tukaumalizia mwisho wenyewe. Ulikuwa na bastola, ambulensi, na shangazi tajiri aliyetokea kusikojulikana. Sista hakusema chochote kuhusu mashine ya moyo, kwa uchovu. Kwenye kiti, kichwa nilichokuwa nimeshika kilikuwa kimelala upande.

Tangu hapo wanaorudi kutiwa braidi wakiuliza tamthilia ile iliishaje, wanaambiwa miisho miwili, na wengi wanaondoka na wa Kadogo. Mmoja wao alinipigia simu usiku, nyuma yake nasikia sauti ya mwanaume akibisha. "Mami, niambie," akasema, "kuna shangazi kwenye ile muvi? Mume wangu ameiona yote kwenye simu, anasema nimedanganywa na ufunguo." Nikamwambia ngoja, nikampa Kadogo simu.